Kura Tatu za Mama Hoekstra

Katika kaunti moja ya jimbo la Iowa, Marekani, mtu mmoja hawezi kuwapelekea wazee karatasi za kura kwenye nyumba ya kuwatunzia. Sharti waende wawili, Mrepublican na Mdemocrat, gari moja, wasiachane hata dakika, maana hakuna anayemwamini mwenzake. Mwaka huu watu wa kujitolea walikuwa haba, karani wa uchaguzi akampanga Geneva Hoekstra, Mrepublican, na mdogo wake Lavonne wa upande wa pili.

Walikuwa hawajasemezana miaka minne, tangu sikukuu ya Shukrani, Lavonne alipoinuka mezani akaondoka na pai yake ya maboga, hata haijakatwa, kisa mgombea urais. Geneva aliapa hataanza yeye kusema. Ukweli ni kwamba alimkumbuka mdogo wake kila siku, na jambo hilo lilimkera kuliko siasa zenyewe.

Maili kumi na mbili za mashamba ya mahindi, sanduku la kura limefungwa mkanda kiti cha nyuma kama mtoto, Geneva kwenye usukani, Lavonne akitazama dirishani.

Mama yao, miaka tisini na mbili, mmoja wa wazee wa nyumba ile, alichukua karatasi yake, akajificha nyuma ya kikinga cha kadibodi cha kusitiri kura, kisha akaiinua juu bila aibu.

"Nimeiharibu."

Karatasi iliyoharibika sharti maofisa wote wawili waitilie sahihi. Wakasogeza viti, wakatia. Akapewa ya pili.

"Hii nayo nimeiharibu."

"Mama, umewachagua wagombea wote wawili tena," Geneva akasema.

"Na ninyi niliwazaa wote wawili. Mbona hakuna aliyesema nimeharibu?"

Lavonne akainama, akajifanya anatafuta kalamu.

"Ya tatu ndiyo ya mwisho, Mama," akasema.

"Basi hii nitaifanya polepole. Watu wa jikoni wameniletea pai. Kuleni."

Ilikuwa ya maboga. Lavonne aliikata, akasukuma kipande kikubwa kwa dada yake.

"Ile ya mwaka ule niliila peke yangu garini," akasema. "Hata sukari nilikuwa nimesahau kutia."

"Ndiyo maana ulikimbia nayo."

"Dada, mgombea wako ni mpuuzi."

"Na wako je? Lete krimu."

Walicheka mpaka wazee wa meza ya jirani wakageuka. Geneva alichungulia chini ya kikinga: kura ya tatu ilikuwa imeshakunjwa zamani, kalamu imefunikwa, na mikono ya mama imetulia mapajani. Aliomba kipande kingine.