Mikono ya Kushoto

Asubuhi ya ukaguzi, Kocha alivua filimbi shingoni, akaiweka kwenye droo ya meza ya mwalimu chini ya daftari la mahudhurio, kisha akaifungua tena droo kuhakikisha kama bado imo. Kwa miaka kumi na minne filimbi ile haikuwa imebanduka kifuani pake mchana hata siku moja. Kamba yake ilikuwa imemwachia alama nyembamba shingoni, na sasa alama ile ilimwasha. Alijipapasa, akajiambia aache, akajipapasa tena.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Shule ilitaka kocha wa netiboli, na mwalimu mkuu alikwisha kumchagua moyoni tangu timu yake ya mtaani ilipowanyang'anya kombe watu waliokuja na basi lao na daktari wao. Lakini kanuni ni kanuni: hakuna anayeajiriwa pale bila cheti cha ualimu, hata kama kazi yake ni kufundisha watu kuruka. Kwa hiyo Kocha, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, alijiandikisha kwenye kozi ya harakaharaka, wiki nane badala ya miaka miwili. Wiki saba zilikuwa za vitabu, naye alivimeza vyote, vingine bila kutafuna. Ya nane ilikuwa na jambo moja tu: kipindi kimoja cha hesabu, dakika arobaini, mkaguzi akiwa ameketi nyuma ya darasa na fomu yake. Akifaulu, cheti kingefika mezani kwa mkuu Jumatatu kabla ya saa nne, saa ya kufungwa maombi. Asipofaulu, kazi ingekwenda kwa bwana mmoja mwenye cheti cha kutundikwa ukutani, ambaye netiboli aliijua kwa kuisikia.

"Mkuu, huwezi kuningojea hata wiki mbili?" alikuwa ameuliza.

"Kocha, ningekuwa na uwezo huo ningekungojea mwaka. Faili linafungwa Jumatatu. Likishafungwa, hata mimi silifungui."

Aliyempa ujanja alikuwa dada yake. Dada huyu alikuwa mwalimu wa miaka ishirini na miwili, na tangu asikie habari ya wiki nane alikuwa akizungumza na mdogo wake kwa midomo iliyobanwa. Haikuwa chuki. Ulikuwa ule uchungu wa mtu aliyepanda mlima kwa miguu, akafika juu akihema, akamkuta mwenzake anashuka garini. Hata hivyo damu nzito kuliko maji, na Jumatano jioni, akipiga pasi sare za wanawe, alikubali kulisoma andalio la somo la Kocha.

"Kujumlisha sehemu," alisema. "Umelichagua mwenyewe?"

"Nimepangiwa."

"Basi wamekupangia shimo, mdogo wangu. Watoto wa darasa la tano! Utamwuliza mmoja, atakwambia theluthi ni kubwa kuliko nusu kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili. Na mkaguzi anaandika."

"Sasa nifanyeje, dada?"

Dada aliisimamisha pasi wima. Aliikunja sare moja, akaikunjua, akaikunja upya.

"Kesho wafundishe somo hilohilo. Hesabu zilezile, maneno yaleyale. Halafu wape alama yenu. Kila ukiuliza swali, wote wanyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wewe unaita wa kulia tu. Yule aliyekaa nyuma ataona darasa zima lina majibu."

"Dada, huo si udanganyifu?"

"Mimi nilipita mlango huohuo. Tena baada ya miaka miwili ya kulala bwenini." Alirudia pasi yake. "Unataka kazi, hutaki?"

Aliitaka. Aliitaka mpaka alikuwa akiota viti vya ofisi ya michezo, na kabati lake la mipira lenye kufuli. Miaka kumi na minne alikuwa amefundisha kwenye kiwanja cha kuazima, akifukuzwa na kila mwenye harusi na kila mwenye mkutano. Alilichukua andalio lake, akaandika pembeni: kulia, kushoto.

Ila dada alisahau jambo moja: kumpa kocha mbinu si sawa na kumpa mwalimu. Mwalimu angewaeleza watoto mara moja, akamwachia Mungu. Kocha aliwafanyisha mazoezi. Alhamisi nzima, kwenye vipindi viwili alivyopewa, filimbi ililia na mikono ikapanda. "Mkono hauinuki kwa uvivu!" aliwaambia. "Unauona mpira, unauacha upite? Tena!" Watoto walifurahi kupita kiasi, maana hawakuwahi kuona hesabu yenye filimbi. Kufikia kengele ya mwisho, mikono arobaini na mmoja ilipaa kwa mpigo mmoja. Kumi na mmoja ya kulia, thelathini ya kushoto. Alihesabu kwa mazoea tu, kama anavyohesabu wachezaji kabla ya kupanda gari.

Na sasa Ijumaa ilikuwa imefika, na mkaguzi pia. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi cha heshima na viatu vyenye vumbi. Alikataa kiti kikubwa alicholetewa, akakaa kwenye kimoja cha watoto, magoti yakimfikia kifuani, fomu juu ya magoti.

"Endelea, mwalimu. Mimi sipo," alisema.

Kocha alianza. Utangulizi, dakika tano. Aliuliza nusu ni nini; mikono ikapaa fyu! Akaita wa kulia, akajibiwa. Aliuliza theluthi ni nini, fyu! Wa kulia tena. Chaki haikumkatikia, sauti haikumtetemeka, na saa ya ukutani ilikwenda sambamba na andalio lake. Jasho tu ndilo lililokuwa likimteremka mgongoni. Alijua anafaulu. Alimwona mkaguzi akiandika, akiinua macho, akiandika, na kila mstari wa kalamu ile aliusikia mpaka kwenye meno.

Aliandika ubaoni hesabu ya nne: nusu kuongeza theluthi.

"Nani atakuja kutufanyia?"

Fyu.

Hapo ndipo alipomwona binti wa karibu na kabati. Alikuwa mdogo wa umbo, na kwa kuwa alitaka mkono wake uonekane, alikuwa ameushikilia kwa mkono wa pili chini ya kiwiko, karibu asimame. Ulikuwa wa kushoto. Alikuwa akitabasamu kwa moyo wake wote, mtoto ambaye hakujua jibu na ambaye alikuwa amehakikishiwa kwamba hataulizwa.

Kocha alilijua tabasamu lile. Alilivaa mwenyewe misimu minne, enzi za usichana wake, alipokuwa mchezaji wa akiba. Kila siku ya mechi alivaa fulana yenye herufi kifuani, akaruka pembeni ya uwanja kupasha mwili moto, akapiga makofi kuliko wote, ili watazamaji waone timu ina watu. Mechi ya mwisho ya msimu wa nne kocha wa wakati ule alimgeukia akamwambia, "Wewe, inuka." Aliinuka moyo ukimpasuka kwa furaha. Alitumwa ndoo ya maji. Siku ile aliapa kwamba akija kuwa na timu yake, hakuna mtoto atakayevaa fulana ya kupiga makofi tu, na kiapo hicho alikuwa amekitimiza miaka kumi na minne bila kukosa. Sasa alikuwa na thelathini mbele yake, na ni yeye aliyewafundisha namna ya kunyoosha.

Aliona aibu. Aibu yenyewe, ya kuchoma masikio, mbele ya watoto ambao hawakujua wamefanyiwa nini. Mkono wake ulikwenda kifuani kutafuta filimbi, usiikute.

Dakika kumi na nane zilikuwa zimebaki. Wa kulia wa kwanza, kijana mwenye miwani, alikuwa tayari ametoa mguu mmoja nje ya dawati.

"Wewe," alisema Kocha. "Wa karibu na kabati."

Tabasamu likazima. Binti alimtazama Kocha, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, aone kama amekosea akanyoosha usio wenyewe. Ulikuwa wa kushoto kabisa.

"Mimi, Kocha?" alinong'ona. Jana yake walikuwa wameonywa waseme mwalimu.

"Wewe. Njoo na huohuo."

Darasa zima lilishusha mikono polepole. Binti alifika ubaoni, akaipokea chaki, akajumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Akaandika mbili ya tano. Nyuma, kalamu ya mkaguzi ilisimama.

"Haya," Kocha alisema, na sauti sasa ilimtetemeka. "Ulikuwa na nusu. Nikakuongezea. Umebaki na ngapi?"

"Mbili ya tano."

"Hiyo ni zaidi ya nusu au pungufu?"

Binti alifikiri. "Pungufu."

"Nimekuongezea, imepungua?"

Watoto walicheka, na yeye binti akacheka kidogo, kwa kuwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini hakuweza kulitatua, na hakuna aliyeweza. Hata wa miwani alijua jibu tu, hakujua lilikotoka. Kocha alitazama andalio lake. Hapakuwa na mstari wa jambo hili. Basi akasukuma madawati mawili, akapiga magoti, akachora kwa chaki sakafuni uwanja wa netiboli, na mistari yake miwili inayoukata sehemu tatu sawa.

"Hizi ni theluthi. Zimeonekana? Sasa nioneshe nusu ya uwanja huu iko wapi."

Walitoka kwenye viti vyao, wakazunguka. Mmoja akasema nusu iko pale kwenye duara la kati. Mwingine akakataa. Wakagombana. Binti alisimama kwenye nusu, akaambiwa aongeze theluthi moja, akahesabu hatua, akakosea, akaanza tena upya. Kilibaki kipande chembamba mwisho wa uwanja.

"Hicho kilichobaki, vingapi kama hicho vinajaza uwanja mzima?"

Binti aliinama kukipima kwa nyayo. Kengele ikalia.

Hitimisho halikufanyika. Mazoezi ya daftari hayakufanyika. Watoto walitoka nje kwa mapumziko wakipiga kelele, na Kocha akabaki amepiga magoti, viganja vyeupe. Alijua kabisa alichokitupa.

Mkaguzi alimwita barazani. Alikohoa.

"Somo hili waliwahi kufundishwa?"

Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa pale pale ulimini.

"Jana. Mara mbili."

"Na mikono?"

"Kulia anajua, kushoto hajui."

"Sisi tulitumia ngumi na kiganja," mkaguzi alisema, bila kucheka. Aliigeuza fomu yake, akaitazama kwa muda. "Kwa nini ulimwita yule?"

Kocha alitafuta maneno ya vitabu vyake vya wiki saba. Hayakuja. "Alikaa benchi," alisema.

Mkaguzi aliandika mstari mmoja chini kabisa, akaufunika kwa kiganja alipokuwa akitia saini. "Majibu yatatoka Jumatatu."

"Kabla ya saa nne?"

"Jumatatu, mwalimu." Akaenda zake, na viatu vyake vyenye vumbi.

Kocha alirudi darasani kuchukua filimbi. Aliwaza kiwanja cha kuazima, aliwaza jinsi atakavyomweleza dada yake, na hapo akagundua kwamba hayuko peke yake. Binti wa karibu na kabati hakuwa ametoka. Alikuwa amechuchumaa sakafuni na kipande cha chaki, na uwanja sasa ulikuwa umekatwa vipande sita, vimepinda kidogo lakini sita.

"Ni tano," binti alisema. "Tano ya sita. Nimepima."

"Ni kweli."

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu mkuu aliingiza kichwa, tai imemkaa upande.

"Kocha! Amesemaje? Nimemwona anaondoka hata chai hakunywa. Amesemaje?"

Kocha alifungua kinywa kumjibu. Pale chini, ndani ya chumba chenye viti arobaini na kimoja vitupu, binti alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, juu kabisa, bila kuushikilia.

"Ngoja kidogo, Mkuu," Kocha alisema. "Kuna mtu ana swali."