Simba wa Majini Usoni mwa Baba

Ismenia Catrileo alipanda ngazi za nyumba ya Oyarzún kwa hasira ya kuweza kung'oa mlango. Mkononi alishika mkanda wa filamu aliousafisha asubuhi hiyo bafuni kwake, haujakauka vizuri. Ulikuwa na picha thelathini na sita za baba yake, zilizopigwa siku tisa kabla mzee hajafa. Tangu mkewe afariki, mzee alikuwa hataki kabisa kupigwa picha; siku hiyo moja tu alikubali. Na juu ya kila picha amelala simba wa majini.

"Hebu tazama ulichonifanyia," alisema, bila salamu.

Oyarzún aliuinua mkanda dirishani. Alikuwa mstaafu wa posta, mnene, mpole, na upole huo ndio uliozidi kumchefua Ismenia. Aliwatambua wanyama wake mara moja, wale wavivu wa baharini wenye mapezi na masharubu, wanaongojea vichwa vya samaki kwenye soko la samaki la mjini Valdivia. Kisha akaiona kofia ya mzee chini ya tumbo la mmoja wao, akakaa kitini.

"Lakini dada, mkanda ulikuwa kapuni."

Kapu lilikuwa mchezo wa kikundi chao cha wapiga picha wa Jumamosi. Wote walikuwa na kamera za dijitali, ila ugonjwa wao ulikuwa zile kuukuu za filamu. Ukimaliza mkanda wa kuchezea, unaurudisha kwenye kikopo chake, unaacha ulimi, yaani ncha ya filamu, nje na kuutia kapuni. Mwenzako anauokota bila kuuliza, anapiga zake juu ya zako, anakurudishia ukasafishe. Mkanda usiotaka uguswe unauzungusha mpaka ulimi uzame ndani. Hilo hata mgeni wa kikundi hufundishwa siku ya kwanza.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulimi ulikuwa nje, dada. Tangu lini tunaulizana?"

Ismenia angefurahi kumpiga kofi. Yeye ndiye aliyeacha ulimi nje, kwa kuwa husafisha mwenyewe na hivyo ni rahisi kuushika gizani. Yeye ndiye aliyeumwaga mfuko mzima wa mikanda kapuni Jumamosi ya baada ya mazishi, macho yamevimba, kisha akapekua nyumba wiki tatu akiutafuta mkanda wa baba. Kujua hivyo hakukumpunguzia kitu. Kulimwongezea.

"Na mijitu yote iliyomo mjini humu, wewe ukaenda kupiga picha manyama yanayonuka."

"Nilipiga na ya dijitali pia, palepale," Oyarzún alisema taratibu. "Kila moja. Nikizilinganisha kwenye kompyuta, naweza kuwatoa hao wanyama. Kaa, nijaribu."

Alikaa kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda na hasira ile. Oyarzún alipiga picha ya mkanda, akaigeuza, akaipandanisha na yake. Chai ikapoa. Mnyama akaanza kufifia, mkia kwanza, halafu mgongo, na nyuma yake akatokea mzee kwenye kiti cha uani, mabega yake, shingo yake iliyokonda. Ismenia alijikuta amesogea mpaka bega lake likamgusa Oyarzún. Mzee alikuwa anacheka.

Alikuwa anacheka kwa meno meupe, yaliyopangika, yote.

"Hayo nini?"

"Pale mkandani palikuwa na weusi mtupu. Mashine imejaza yenyewe."

"Baba alikuwa kibogoyo, Oyarzún. Hana meno ya juu tangu mimi nasoma darasa la pili. Futa."

"Dada, angalau macho ni..."

"Futa huyo mtu. Simjui."

Alifuta. Akajifuta jasho pia, akafikiri, na uso ukamchangamka kidogo.

"Sikia. Nipe moja ya dijitali ya siku ile, hata mbaya. Mashine ikiuona mdomo wake wenyewe itarekebisha. Ulikuwa na kamera yako ya dijitali, si ndiyo? Huendi popote bila hiyo."

Ismenia alikuwa ameshafungua mdomo amtukane. Akaufunga.

"Nilikuwa nayo," alisema mwishowe. "Nilikuwa napimia mwanga. Namlenga usoni, napiga, nasoma namba, nafuta. Kisha ndio napiga ya filamu, ya maana."

"Zote?"

"Thelathini na sita. Akaniuliza mbona nafuta. Nikamwambia atulie, hizo si picha."