Ua Uliopandwa na Marehemu

Katika barua zetu za ofisini, kitu hakitajwi mpaka kwanza kibebeshwe mizigo yake yote: kilichotendwa, kinachotendeka, kinachongoja kutendwa. Nilikuwa karani wa manispaa hapa Kassel, Ujerumani, miaka thelathini na mmoja, na mizigo hiyo niliipanga kwa majivuno. Nilipostaafu, chama chetu cha bustani za kukodi kikanifanya katibu.

Mwezi wa Aprili mwenyekiti, Bwana Dreyer, aliupima ua wa miti wa Bi Roswitha, akakuta umezidi kimo. Akaniagiza nimwandikie aupunguze, la sivyo atanyang'anywa bustani. Nikaandika:

"Uliopandwa na marehemu mumeo, uliozidi kimo kilichoruhusiwa kwa sentimita arobaini, unaoelekea njia kuu, ua huo ukatwe ndani ya siku kumi na nne."

Niliipenda sentensi ile. Mumewe, Ewald, tulikuwa tumemzika Januari.

Siku ya tatu Bi Roswitha akanisimamisha langoni mwake na barua mkononi.

"Katibu, nisomee. Sina miwani."

Miwani ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Nikasoma.

"Ewald umemweka wapi hapo?"

"Mwanzoni."

"Mwanzoni, halafu ukampanga foleni na sentimita! Miaka ishirini unakula keki yangu ya matufaha, leo jina lake limekushinda?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Nimekosa, Roswitha."

"Na bado. Hebu chungulia humu."

Alikuwa akiuonyesha ua; nikatenga majani. Kiota, na mayai manne ya buluu. Sheria inakataza kukata ua namna ile tangu Machi hadi mwisho wa Septemba, na mimi, karani mzima, nilikuwa nimesahau.

"Haya, bingwa, andika tena. Safari hii na jina."

Nikamwandikia Dreyer: "Uliopandwa na Ewald Thiele kwa mikono yake, unaokaliwa na ndege, unaolindwa na sheria, ua huo usiguswe hadi tarehe mosi Oktoba." Dreyer aliisoma mara mbili, akanuna, akagonga muhuri.

Bi Roswitha aliibandika nakala kwenye mlango wa kibanda chake.

"Oktoba uje wewe na mkasi," akasema. "Mimi sitaweza."

Leo ni tarehe ishirini na nane Septemba. Mkasi nimeshaunoa. Makinda waliruka zamani, lakini kila asubuhi napita pale, natenga majani, natafuta yai lililosahauliwa.