Uzi Unapita

Mkasi wa mstari mzima wa mashine pale kiwandani ulikuwa mmoja, na ulifungwa kwa kamba kwenye mguu wa mashine ya kwanza kama mbuzi anayeogopewa kutoroka. Zamani kila fundi alikuwa na wake. Ikapotea kadhaa, bei ya mikasi ikapanda, msimamizi akapita akisema, "Mtaazimana." Kuazimana kwenyewe hakukufika hata saa ya chai. Tangu hapo mafundi wote wakawa wanakata uzi kwa meno: shona kola, geuza, uma, tupa kapuni, chukua nyingine.

Mashine ya mwisho, ile ya karibu na dirisha lisilofunguka, ilikuwa ya Kicheko. Jina hilo alipewa na wenzake wiki aliyoanza kazi. Meno yake yalikuwa meupe, yamejipanga kama vifungo kwenye shati jipya, na aliyaonyesha kila alipoona haya. Haya yenyewe aliiona karibu kutwa. Akikanyagwa alitabasamu. Akipunjwa chai alitabasamu. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kukata uzi kwa meno ya mbele. Aliuma, akavuta, uzi ukatoka mzima kama ulivyoingia. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka nao, kisha akajifunza kuupeleka nyuma kabisa, kwenye magego.

Asubuhi hiyo alishona kola, akaigeuza, akaupeleka uzi kwenye gego la kulia, akauma. Kitu kikalia *ko*.

"Sindano hiyo?" aliuliza Mama Pindo bila kuinua macho. Mama Pindo alikaa mashine ya jirani. Alikuwa ameshona mapindo ya suruali miaka nenda rudi, na mdomo wake ulikwenda sambamba na mashine. Moja ikisimama, nyingine ilisimama pia.

Kicheko alifungua kiganja. Palikuwa na kipande kidogo cheupe, chenye ncha.

"Jino," alisema, akatabasamu.

Mashine ya Mama Pindo ikanyamaza. "Sasa unacheka nini, mwanangu?"

"Haidhuru, mama."

"Haidhuru ya nani? Jino limekatika kwa uzi wa pamba, unaniambia haidhuru? Simama."

Msimamizi alikubali kumwachia kwa sharti kwamba saa hizo atazifidia Jumamosi. Alipouliza Mama Pindo anakwenda wapi, Mama Pindo alishika shavu na kusema ufizi wake unamsumbua. Ufizi huo ulianza kumsumbua pale pale, na ukapona walipovuka geti.

Daktari wa meno alikuwa dada kijana mwenye miwani mikubwa na mikono ya taratibu. Alimwambia Kicheko aume kama kawaida, kisha afungue midomo tu, meno yabaki yamefungwa. Akamulika kushoto, akamulika kulia, akarudi katikati.

"Meno yako yamenyooka kuliko yangu," alisema. "Pengine moja hapa limegeuka kidogo, lakini hilo mtu halioni mpaka aambiwe. Shida ni kwamba ya juu na ya chini hayakutani. Haya ya mbele yanasikia tu habari za wenzao."

"Mbona nikifunga mdomo yanafunga?" Kicheko aliuliza.

"Midomo ndiyo inayofunga. Meno yameacha uwazi. Kazi yote inafanywa na magego ya nyuma kabisa, ndiyo maana hili limepasuka. Nitaliziba leo, lakini litapasuka tena, na likiisha atafuata jirani yake. Unahitaji nyaya."

"Nyaya za kunyoosha meno?" Mama Pindo alidakia kutoka kwenye kiti cha mlangoni. "Kwani yamepinda wapi?"

"Hazinyooshi tu, mama. Hizi zitayakutanisha."

Kicheko alilala pale kitini akiangalia taa, na kitu fulani kikamtulia moyoni. Kumbe hakuwa mzembe. Siku zote alidhani kuna ufundi wa kuuma uzi ambao watu wengine walizaliwa nao.

"Na maumivu je?" daktari aliuliza akitafuta dawa ya kuzibia. "Linakuuma?"

"Kidogo tu. Haidhuru." Akatabasamu.

Daktari akalitazama tabasamu lile, akaendelea na kazi yake.

Ukweli ni kwamba kwa zaidi ya mwaka Kicheko alikuwa hali mkate bila kuuchovya kwenye chai. Alilala na kiganja chini ya taya, na asubuhi alifungua mdomo kwa hatua, kama mtu anayefungua mlango wenye bawaba mbovu. Hakuwahi kumwambia mtu. Hata alipompigia mama yake simu pale nje, shavu likiwa bado na ganzi, maneno hayakutoka.

"Nyaya?" mama alisema. "Mwanangu, meno hayo mtaa mzima uliyasifu. Wageni walikuwa wakija nakwambia cheka, unacheka, wanaondoka wamefurahi. Leo unataka kuyafunga nyaya kama uzio?"

"Ni daktari, mama."

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi sana, mama."

"Basi. Usiwasumbue watu."

Bima ya kiwanda ingelipia nyaya hizo, daktari alivyosema, mradi karani wa bima akubali. Asipokubali, Kicheko angezipata kwa kuuza mashine ya kushonea, na mashine haikuwa yake.

Karani huyo alikaa mlango wa pili kutoka kwa daktari, nyuma ya dirisha lililotobolewa chini mno, kiasi kwamba kila mwenye shida ilimbidi ainame, aonekane anaomba msamaha. Alikuwa mchangamfu, mwenye tai fupi na kifuko cha karanga pembeni mwa kompyuta. Alizitafuna kwa meno ya mbele, moja moja, kwa mlio. Kicheko akajikuta anazisikiliza kwa wivu.

"Nyaya za meno," karani alisema. "Haya dada, hebu tabasamu."

Kicheko aliinama dirishani, na kwa kuwa aliona haya, tabasamu lilikuwa limeshafika kabla hajaombwa.

Karani aliacha kutafuna. "Dada yangu, mimi nimekaa hapa muda mrefu, meno kama hayo sijayaona. Nikiwaambia wakubwa haya yanahitaji nyaya, watasema nimelewa."

"Daktari amesema hayakutani," Mama Pindo alisema juu ya bega la Kicheko.

"Mama, wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni ufizi."

Mtu kwenye foleni akacheka. Karani naye akacheka, akageukia kompyuta. "Hapa maswali ni mawili tu. La kwanza, meno yamepinda? Hayakupinda, mwenyewe umenionyesha. La pili." Akamwangalia Kicheko. "Yanauma?"

"Kidogo," Kicheko alisema. "Haidhuru." Na meno yote yakaonekana tena.

"Basi ni urembo," karani alisema kwa upole, akabonyeza. "Urembo hatulipi. Ila usikate tamaa, kung'oa tunalipa. Hilo gego bovu ukitaka tunaling'oa hata leo, na jirani yake, na wa upande wa pili. Magego yote yamo kwenye bima."

"Yaani kuyatoa mtalipa," Mama Pindo alisema taratibu, "kuyabakiza hamlipi."

"Ndivyo ilivyopangwa, mama. Sikupanga mimi. Au arudi yakipinda."

Mama Pindo alivuta uzi mweusi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa gauni lake la kazi, maana fundi hakosi uzi mwilini, akampa Kicheko. "Mwonyeshe. Uma."

Kicheko aliupokea. Foleni nzima ilikuwa imesogea kuangalia. Aliupitisha uzi katikati ya meno ya mbele, akauma kwa nguvu zake zote, akafungua midomo ili karani aone. Mama Pindo akaushika upande mmoja na kuuvuta. Uzi ulipita. Akaurudisha, ukapita tena, ukateleza kushoto kulia katikati ya meno yale mazuri yaliyofungwa, bila kugusa lolote.

"Sasa wewe," Mama Pindo alisema, akamkatia karani uzi wake. Aliukata kwa meno.

Karani aliuma uzi, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, tai ikapinda, uzi ukagoma. Foleni ikashangilia kidogo. Yule karani alizichungulia karanga zake kama anaziona upya.

"Wallahi," alisema. "Kwa hiyo wewe karanga huwezi kuikata hivi?"

Kicheko alitikisa kichwa.

"Na nyama? Na tunda?"

Akatikisa tena.

Karani alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulionyesha kwamba angependa kusaidia kama kusaidia kungekuwa na kitufe. "Dada, mimi nimeona. Lakini kompyuta haina mahali pa uzi. Ina maswali mawili, na yote umeyajibu mwenyewe kwa mdomo wako. Kuna watu wanakuja hapa wanalia machozi, hao hata siwaulizi. Wewe unakuja unacheka kama umekuja harusini. Nikusaidieje?"

"Utamsaidia kwa kuandika ninachokwambia," Mama Pindo alianza, akijiweka sawa na kukunja mikono ya gauni. Kila aliyemfahamu angejua kwamba hotuba ilikuwa njiani. "Huyu mtoto, tangu alipokuja pale kiwandani, sijawahi kumsikia…"

"Mama."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini Mama Pindo alinyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu.

"Ngoja, mama yangu. Niseme mwenyewe."

Kicheko alishika ukingo wa dirisha. Ganzi ilikuwa inaisha, na chini yake lile jino lilianza kuamka, likifuatwa na jirani yake, kisha taya, mpaka sikioni, kama kila jioni. Alisikia tabasamu likipanda lenyewe, kwa mazoea, likitaka kuwahi kabla yake. Akalingoja lipite. Halafu, badala ya kuinama, alikunja magoti na kuchuchumaa mbele ya dirisha, macho yake yakawa sawasawa na ya karani.

"Futa ulichoandika," alisema.

Karani alifuta. "Haya. Niandike nini?"

"Inauma," Kicheko alisema. "Inauma nikila na inauma nikilala. Kazini ndiyo zaidi, kila kola moja, kwa sababu mkasi tumefungiwa mbali na uzi nakata kwa magego. Daktari aliniuliza nikamwambia haidhuru, mama yangu nikamwambia siumwi sana. Niliwadanganya wote, nilikuwa naona haya kuwasumbua." Safari hii midomo haikufunguka kucheka. "Usiniangalie meno, kaka. Andika inauma."