Sanduku la Fardosa Lilitangulia

Alhamisi ya pili ya Machi, Nyakerario alipeleka majani yake ya chai kituoni Ekerenyo mapema, akapimiwa kilo kumi na tisa, akaosha tope miguuni, akavaa viatu vya kanisani na kushuka Kisii kwa rafiki yake Fardosa. Kila Alhamisi walikuwa wakipanga safari.

Walikuwa wameianza safari hiyo wakiwa darasa la sita, kwenye dawati moja na atlasi moja, enzi ambazo babake Fardosa, Msomali, alikuwa na duka la vitambaa sokoni Ekerenyo. Halafu yakaingia maisha. Sasa Nyakerario alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, na kitinda mimba wake alikuwa amehitimu uuguzi. Fardosa naye alikuwa amemwachia mwanawe Abdirahman duka la Kisii. Wangeshika barabara ya Isebania, waingie Tanzania, wapitie Mwanza na Tabora, watokee Zambia, waendelee kusini hadi wachoke. Katika daftari lao, penye siku ya kurudi, Fardosa alikuwa amepiga kistari.

Kilichobaki ni pasipoti. Pasi ya muda ya mpakani isingewafaa, maana ilimtaka mtu aseme atarudi lini. Ya Nyakerario ilitoka baada ya wiki tatu. Ya Fardosa ilikuwa imeingia mwezi wa nane ikingojwa. Aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha baba, akaleta. Aliambiwa alete cha babu, aliyezaliwa kabla vyeti havijafika huku. Aliambiwa aje na wazee wa ukoo waape kwamba wanamjua. Karani, kijana mpole mwenye sweta ya kijani, alimjaribu kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji, na Fardosa akamjibu kwa Ekegusii cha Ekerenyo, pamoja na methali mbili ambazo kijana mwenyewe hakuzijua. Karani akaandika kwenye faili kwamba mama huyu anaongea vizuri kupita kiasi.

Alhamisi hiyo Nyakerario alimkuta Fardosa akifagia sebule. Kando ya mlango, mahali ambapo sanduku lake la bluu la magurudumu lilikuwa limesimama, limefungwa tayari tangu Agosti, palikuwa na alama nne tu za vumbi.

"Limeenda," Fardosa alisema.

Nyakerario akauliza limeenda saa ngapi. Fardosa akasema ni asubuhi, baada ya chai. Alikuwa jikoni akasikia lile gurudumu linalolia likiteremka ngazi, na alipochungulia dirishani lilikuwa limesimama kando ya barabara, linangoja magari yapite ndipo livuke.

"Limechoka kungoja," Nyakerario alisema, akaketi, akaanza kumenya ndizi alizoleta.

Jumamosi simu iliita kutoka Musoma. Namba ya Fardosa ilikuwa kwenye lebo iliyofungwa kwenye mpini wa sanduku. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alisema sanduku limefika salama, ila limenyeshewa kidogo, naye ameliweka kando ya jiko likauke. Fardosa alimshukuru, akauliza mpakani lilipitaje. Yule mama akasema watu waliosafiri nalo wanaeleza kwamba lilipanga foleni kama wengine, na hakuna aliyeliuliza neno.

Tangu siku hiyo safari ikawa na habari kila wiki. Dereva wa basi la Tabora alipiga kusema amelikalisha dirishani. Mchungaji mmoja wa Mbeya alisema limehudhuria ibada, likakaa nyuma, halikusinzia. Nyakerario aliyaandika yote daftarini. Mtaani watu walimuuliza Fardosa habari za sanduku kama wanavyouliza za mtoto aliye chuo. Abdirahman peke yake ndiye aliyenung'unika, kwa kuwa chaja yake ya simu ilikuwa ndani.

Mei Fardosa aliitwa tena ofisini, na Nyakerario akaenda naye awe shahidi. Alimweleza karani kwamba mamake, marehemu Bathsheba, ndiye aliyempokea Fardosa alipozaliwa, katika chumba cha nyuma cha duka, siku ya mvua ya mawe ambayo barabara ya hospitali haikupitika. Karani aliandika maneno yote. Kisha akaeleza kwa upole kwamba jirani hahesabiwi, anatakiwa mzee wa ukoo.

Nyakerario akamuuliza, kama ni hivyo, sanduku limefikaje Zambia.

Karani alikuwa amesikia habari za sanduku. Kila mtu Kisii alikuwa amezisikia. "Mama, lile lina kitambulisho ndani, kimeshonwa kwenye kitambaa," alisema. "Kimeandikwa limetengenezwa China. Asili yake inajulikana."

"Na mimi ni wa Ekerenyo," Fardosa alisema.

"Ndiyo, mama. Hilo ndilo tunalochunguza."

Walipofika nyumbani Fardosa alimwambia rafiki yake aende peke yake. Walikosana hapo, kwa mara ya kwanza tangu shuleni. Magoti ya Nyakerario yalikuwa yameanza kugoma kwenye mteremko wa shamba, na wote wawili walijua hayatakuwa bora mwaka ujao.

"Magoti hayamngojei karani," Fardosa alisema. "Nenda ulikute sanduku, mwendelee pamoja."

"Na nikiona kitu, nitamwambia nani atazame? Sanduku?"

Fardosa akavuta birika. Akamimina chai. Hawakulizungumza tena jambo hilo.

Sanduku lilifika Livingstone mwezi wa Juni, kwenye yale maporomoko makubwa ya maji. Mlinzi alipiga Alhamisi saa nane mchana. Alisema limesimama ukingoni tangu asubuhi, maji yanalirukia, nalo halitaki kuondoka, sasa yeye afanyeje. Fardosa akamwomba aielekeze simu kwenye maji. Ngurumo ikajaa sebule ya Kisii. Vikombe vikatetemeka juu ya visahani, pazia likaanza kutona. Wale wawili walikaa wameshikana mikono, nyuso zinawachuruzika maji, hadi simu ya mlinzi ikakatika.

Nyakerario alisema ni makubwa kuliko alivyodhani. Fardosa alisema ni ya baridi kuliko alivyodhani. Walianika mazulia hadi jioni.

Jumatatu ofisi ilipiga kusema faili la Fardosa halionekani, aanze upya. Walikwenda pamoja. Fardosa alijaza fomu polepole kwa wino mweusi: jina lake, la babake, la babu yake, na pahali pa kuzaliwa. Penye kazi, ambapo miaka yote alikuwa ameandika mfanyabiashara, aliandika msafiri. Karani alilisoma neno hilo mara mbili, hakulipinga. Aligonga muhuri, akaiweka fomu juu ya nyingine nyingi zilizokuwa pale, akamwita aliyefuata.