Hodi Nje ya Uzio

Jumamosi asubuhi Najla alifunga kamba za raba zake mpya, akatia chupa ya chai ya tangawizi mkobani, akashuka kwa lifti kutoka ghorofa ya tano. Alikuwa na furaha tangu alfajiri. Tangu ahamie kwenye fleti ile ukingoni mwa Mto Thames, chini kidogo ya Woolwich, alikuwa akiutazama mto kupitia kioo tu, kama mtu anayechungulia harusi ya jirani. Leo alikuwa anakwenda kuutembea ukingo wake kwa miguu, pamoja na kikundi cha Bi Mwanamwema.

Jambo moja tu lilikuwa likimkera katika makazi yale. Kila Jumamosi, maji yakitoka, wanaume walipiga hodi nje ya uzio wa vyuma uliozunguka bustani. Ilikuwa hodi ya Kiswahili, ya sauti ya heshima, mara tatu, kisha kimya. Jirani zake walilalamika kwenye grupu la WhatsApp kwamba kuna watu wanapiga kelele kwa lugha ya kigeni, na uongozi wa majengo ukajibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Najla alikuwa akiwasikia vizuri, na hakuitikia hata siku moja. Alizaliwa Wete, Pemba, na mama yake alimfunza kwamba mwanamke aliye peke yake nyumbani haitikii hodi ya mwanamume asiyemjua. Hunyamaza, na hodi ya tatu ikishapita, mgeni mwenye adabu hujiondokea. Wale walikuwa na adabu. Walijiondokea.

Bi Mwanamwema alikuwa akingoja karibu na kivuko cha Woolwich, fimbo mkononi, buibui limepandishwa juu ya buti za mpira. Alikuwa Mpemba wa miaka sabini na kitu, aliyefika London angali msichana na kufanya kazi ya ukarani mpaka akastaafu. Alipostaafu aliona kwamba mtu mzima ana njia mbili, kukaa akilalamikia magoti au kuyatembeza hayo magoti, naye akayatembeza. Ukingo ule aliujua kama sebule yake. Pembeni yake alisimama Restuta, nesi kutoka Bukoba, mwenye mfuko wa maandazi na macho mekundu.

"Mimi nimetoka night shift moja kwa moja," Restuta alisema. "Nikianguka mnizike hapo hapo."

"Hapo hapo pamejaa," Bi Mwanamwema alisema. "Tembea."

Wakashika njia kuelekea mashariki, mto upande wa kushoto, upepo ukiwapiga usoni. Najla hakuweza kujizuia kutangulia mbele kila mara, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na kila mara Bi Mwanamwema alimrudisha kwa fimbo. Aliwaonyesha tuta la udongo walilokuwa wakilikanyaga. Watawa wa zamani ndio walioanza kuujenga ukuta ule, alisema, wapate kuyazuia maji yasile mashamba, na tangu hapo watu hawajaacha kupita juu yake. Kisha akawaambia kwamba hii ni pwani.

"Pwani ya wapi, Bibi? Huu si mto?" Restuta aliuliza.

"Maji yanayopanda na kushuka mara mbili kwa siku ni bahari, hata yakijiita mto. Onja kama unabisha."

Restuta hakuonja. Maji yenyewe yalikuwa yameanza kutoka, na tope lilikuwa linajitokeza, la kijivu na laini. Muda si mrefu wanaume nao wakaanza kujitokeza humo. Walitoka mmoja mmoja wakijipangusa magoti, kama abiria wanaoshuka kwenye basi lililojaa. Walivaa masweta mazito na suruali zilizokunjwa, na baadhi yao walikuwa na kofia za viua zilizolowa. Wakapanda tuta, wakakung'uta buti zao kwenye majani.

"Asalaam aleikum," Bi Mwanamwema alisema. "Leo mmechelewa."

"Waaleikum salaam. Maji ndiyo yaliyochelewa," mmoja wao alijibu, na wote wakaendelea na safari pamoja.

Restuta akawagawia maandazi. Bi Mwanamwema akaeleza, kwa sauti ile ile aliyoelezea watawa, kwamba hawa walikuwa mabaharia wa kwetu. Waliugua melini wakashushwa Woolwich wapate nafuu. Walipoanza kupona, watu wa meli wakawaambia watangulie kwa miguu hadi gati la chini, njia ni hii moja, meli itawangoja huko iwarudishe kwao. Meli haikungoja. Ilikuwa Januari, na ukungu ulikuwa mzito, na maji yakawakuta njiani.

"Basi maji yakitoka, wao wanaendelea," alimaliza.

"Kila siku?" Najla aliuliza.

"Siku za kazi sijui. Mimi kikundi changu cha Jumamosi."

Mwanamume mwembamba, kofia imelalia sikio la kushoto, alikuwa akitembea sambamba na Najla akimtazama kwa pembe ya jicho. Mwishowe akamuuliza swali ambalo Wapemba huulizana popote wanapokutana, liwe sokoni au uwanja wa ndege.

"Wewe mwana wa nani?"

"Mwana wa Mwanaisha Jaffar, wa Wete."

"Jaffar yupi?"

"Jaffar Kombo. Alikuwa akichochea makaa melini."

Yule mwanamume akasimama. "Mama yako nilimwacha tumboni," alisema.

Najla alimshika mkono akaubusu. Mkono ulikuwa baridi na ulinuka mwani. Furaha ilimjaa hata akawa anacheka na kulia kwa pamoja, akatoa simu. Bibi yake, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, aliitikia kutoka barazani kwake Wete, simu ikiwa karibu mno na uso, ikionyesha jicho moja na ncha ya kanga.

"Bibi, tazama! Tazama nani huyu!"

Jicho likatazama. Likatazama sana.

"Mbona kakonda?" Bibi aliuliza.

"Nimetembea sana," Babu Jaffar alisema.

"Na hilo sweta kakununulia nani?"

"Nilipewa hospitali."

"Haya." Kuku walisikika nyuma yake. "Na unakuja lini?"

"Tukishafika gatini."

"Basi fanyeni hima. Mimi nilingoja nikiwa kijana. Sasa sina tena ujana wa kungojea."

Kuanzia hapo Najla hakutembea, alikimbia. Alikuwa na babu! Babu alikuwa na safari, na gati lilikuwa mbele tu, na Bibi alikuwa hai bado. Aliwahimiza mabaharia kama kungwi anayewahimiza wapambe, akawashika mikono waliobaki nyuma, akambebea mzee mmoja buti lililochanika. Restuta, aliyekuwa amesahau kabisa kwamba hajalala, akaanzisha wimbo wa kwao, na mabaharia wakauitikia bila kuujua.

Bi Mwanamwema peke yake hakuimba.

"Hawafiki, mwanangu," alimwambia Najla taratibu. "Njia imezibwa. Walipojenga yale maghorofa waliitia ndani ya uzio, gati nalo likabaki humo humo. Sisi tulio hai tunazungushwa kwa barabara kuu, kwenye mapipa ya taka. Hawa barabara kuu hawaijui. Wanafika uzioni, wanabisha hodi, hawajibiwi, wanarudi."

Najla akainua macho. Mbele yao ulikuwa uzio wa vyuma vyeusi, na nyuma ya uzio bustani, na juu ya bustani ghorofa ya tano, na kwenye kibaraza cha ghorofa ya tano ndoo yake nyekundu na chungu chake cha mrehani. Katika uzio mlikuwa na lango dogo, lisilo na kitasa upande wa nje.

Babu Jaffar akatangulia mbele ya wenzake. Akaitengeneza kofia yake, akasafisha koo.

"Hodi!"

Najla aliijua sauti ile. Kwa Jumamosi zote hizo alikuwa amekaa juu na kikombe chake cha kahawa, akiisikiliza, akiinyamazia.

"Bi Mwanamwema," alisema, "mimi nakaa humo."

"Humo ndani? Na huwasikii?"

"Nawasikia."

Bi Mwanamwema akamtazama. "Unakaa peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi ulilelewa vizuri. Lakini leo unamjua anayebisha. Kimbia."

"Hodi!" Babu Jaffar aliita mara ya pili.

"Babu, ya tatu usiipige kwanza! Subiri nizunguke nije kwa ndani!"

"Ntaivuta niwezavyo," Babu alisema. "Lakini desturi ni desturi, na maji hayatungoji."

Najla akakata mbio. Alipita kwenye mapipa ya taka, akavuka barabara kuu huku lori likimpigia honi, akapita kituo cha basi na wasafiri waliomwona wakadhani basi linaondoka, nao wakakimbia. Raba mpya zilimuuma, naye alicheka huku anakimbia. Aliingia mapokezini akiwa anahema. Wanjohi, Mkenya aliyekaa pale kupokea wageni na vifurushi, aliinua mkono.

"Madam Najla, polepole! Floor imepigwa deki saa hii."

"Nina wageni, Wanjohi! Wako lango la mtoni!"

"Ni wangapi?"

"Wengi!"

"Wako na ID?"

"Wamekufa, Wanjohi."

"Ni sawa, lakini buti waache kwa nyasi. Juzi nimepigiwa kelele na management juu ya matope."

Alipofika bustanini, Babu Jaffar alikuwa ameshavuta pumzi. Wenzake walikuwa wameshageuza visigino kuelekea mtoni, maana walizoea.

"Hodiii!" ikaja ya tatu, ndefu kuliko zote.

"Karibuni!" Najla aliita kwa nguvu zake zote. "Karibuni, karibuni ndani!" Akagusisha kidude cha funguo kwenye lango, taa ikawa ya kijani, lango likafunguka.

Waliingia kwa mguu wa kulia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akavua buti akaziweka kwenye nyasi. Restuta alipiga vigelegele mpaka madirisha yakafunguliwa. Jirani mmoja wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akinywa juisi, aliuliza kama ni tafrija ya harusi, akaambiwa ni wageni wa mtoni, akasema ameyapenda masweta yao. Mabaharia wakapita kando ya meza ya ping-pong na mahali pa kuchomea nyama, wakafika kwenye gati, ambalo wajenzi walikuwa wameliacha kwa ajili ya urembo na kuliwekea vyungu vya maua.

Walipanda juu ya mbao. Wakatazama mto upande wa chini, wakatazama upande wa juu.

"Haipo," mmoja alisema.

"Haipo," wakakubaliana.

Najla akajisikia moyo wake unashuka, lakini wao walikuwa na furaha waziwazi. Walikuwa wamefika. Walizigonga mbao kwa visigino, wakaketi kati ya vyungu vya maua, wakagawana chai ya tangawizi kwa kifuniko cha chupa. Babu Jaffar aliketi pembeni na simu, akimweleza Bibi kila alichokiona, mpaka maua. Bibi alitaka kujua meli itakuja lini. Babu akasema labda Jumamosi ijayo. Bibi akasema hata enzi zile alimwambia labda, na kwamba sauti yake haijabadilika hata kidogo.

Maji yalipoanza kupanda, wakasimama, wakatafuta buti zao. Pale langoni Babu Jaffar alimshika Najla kichwa kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mjukuu wangu. Umetupokea vizuri, Mungu akupokee," alisema. "Ila hapa zamani tulikuwa tunapita tu. Njia haipigiwi hodi."

Alisema bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe alikosahau fimbo. Kisha akawafuata wenzake topeni.

Jumatatu uongozi wa majengo ulitoa tangazo kwamba umefurahi kusikia suala la kelele limepatiwa ufumbuzi. Wageni wa mtoni wanaruhusiwa kuingia Jumamosi, wakiwa na mwenyeji, na kila fleti mwisho wageni wanne. Uzio utabaki kwa usalama wa wote. Bi Mwanamwema alilalamika kwa kila ofisi aliyoijua, akajibiwa kwa upole na kila moja. Kikundi chake kikaendelea kuzunguka kwa barabara kuu.

Jumamosi iliyofuata Najla alikuwa bustanini kabla maji hayajatoka, kidude cha funguo mkononi. Hodi ya kwanza haijaisha, akaitikia. Lango likafunguka.

"Wanne tu, Babu," alisema. "Ingia wewe kwanza. Pengine meli ni leo."

Babu Jaffar akageuka kuwatazama wenzake, waliojipanga kwenye tuta hadi kule ambako Najla hakuweza kuwaona.

"Mimi nina mtu," alisema. "Hawa hawana." Akawachagua wanne, akawagusa mabega mmoja mmoja akiwapitisha, akamkumbusha wa mwisho kuvua buti. Lango likajifunga. Yeye akabaki nje, akashika vyuma vya uzio, akamuuliza Najla kama Bibi ameshamaliza kuswali.