Daraja la Chini

Esnath na mumewe Ambwene walimzika mtoto wao wa pekee, Godwin, mwezi wa nne, mvua za kijijini Lufingo zikiwa hazijapumzika. Mtoto alikuwa anakwenda shule ng'ambo ya mto, akateleza kwenye magogo ambayo kijiji kizima kilikuwa kikivukia. Walimpata kesho yake, mbali kule chini, kwenye matete. Magogo yale aliyalaza Ambwene mwenyewe miaka kadhaa nyuma, kwa kujitolea, na watu walimshukuru sana wakati ule.

Kifo hicho ndicho kilicholeta mhandisi. Mwaka uliofuata halmashauri ilipata fedha za wafadhili, za daraja moja tu, na mhandisi Emiliani, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa Mbeya kikazi, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Alieleza bila haraka. Daraja la juu lingejengwa pale pale penye magogo: jembamba, la waenda kwa miguu, baiskeli na gari dogo la abiria, karibu na shule na zahanati. Daraja la chini lingekaa kwenye njia ya kupitishia chai: pana, la malori na mabasi, likiwafikisha moja kwa moja kwenye lami ya Tukuyu. Ila watoto wa shule wangezunguka mwendo wa saa nzima. Hakuficha ubaya wa upande wowote.

Wengi walikuwa na hamu na la chini. Ushirika ulikuwa umedorora, na wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao kutoka Mbeya na hata Dar es Salaam, lakini malori hayo yaliishia ng'ambo. Upande wa huku ndizi zikiiva zilioza.

Esnath hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu. Siku hiyo alisimama.

"Mimi wangu amekwisha kwenda," alisema. "Nawaombea wa kwenu. Jengeni pale juu."

Akaketi. Wanawake kadhaa walijifunika nyuso kwa kanga. Mzee Ambindwile, mwenyekiti wa kijiji, akamgeukia Ambwene, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya wakulima wa chai, akamwomba naye atoe neno, maana neno la baba wa marehemu lingewasaidia wote.

Ambwene alisimama akiwa ameshika kofia mkononi. Alitaja ndizi, akataja chai, akataja wagonjwa wanaobebwa kwa machela hadi barabarani. Yote yalikuwa kweli. Akasema yeye anaunga mkono daraja la chini. Mikono ikanyooshwa, la chini likapita.

Walirudi nyumbani. Esnath aliwasha moto, akainjika maji, ndipo akamwuliza kwa nini.

"Wangejenga pale ningelazimika kupita pale kila siku," Ambwene alisema.

"Mimi napita pale kila siku. Nakwenda kuketi."

"Magogo niliyalaza mimi, Esnath."

"Najua. Na sijakulaumu hata mara moja kwa magogo." Aliyatazama maji yaliyokuwa hayajachemka. "Kwa la leo nitakulaumu."

Hakupiga kelele wala hakuondoka siku ile. Aliondoka daraja lilipokamilika, baada ya sherehe, akaenda kukaa kwa dada yake Atuganile, ng'ambo, karibu na shule. Malori yalianza kuingia kijijini, nyumba zikaezekwa bati jipya, na mama mmoja aliyeshindwa kujifungua alifikishwa hospitali Tukuyu akiwa hai. Mhandisi hakuwa amewadanganya.

Lakini watoto hawakuzunguka. Ambwene alikwenda peke yake akayang'oa magogo. Kabla wiki haijaisha wazazi walikuwa wamelaza mengine. Basi Esnath akafunga kamba ya katani kutoka mti wa huku hadi mti wa kule, na kila asubuhi ya shule alisimama katikati ya magogo, kanga ameikaza kiunoni, akiwapokea watoto mmoja mmoja na kuwasogeza mbele. Jioni aliwarudisha. Hakuna aliyeanguka tena.

Ambwene alikuja msimu wa mvua uliofuata. Alisimama ukingoni upande wake, akangoja watoto wapungue.

"Rudi nyumbani, Mama Godwin," alisema.

"Nikirudi, hawa watavushwa na nani?"

Akasema atawavusha yeye. Akavua viatu, akashika kamba, akaweka mguu kwenye gogo. Katikati, mkononi mwa Esnath, alikuwepo msichana mdogo aitwaye Tulia, akingoja. Ambwene alipiga hatua ya pili, akayatazama maji, akaing'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili. Tulia akamnyooshea mkono. Hakuweza kuupokea. Alirudi nyuma, akaketi kwenye matope kama mtu aliyepigwa.

Esnath alimvusha mtoto kwanza. Kisha alimtazama mumewe, akaitafuta ile hasira aliyoishi nayo tangu siku ya mkutano, asiione. Aliona huruma tu, na huruma ile ilimuuma kuliko hasira, kwa sababu alijua kwa hiyo peke yake hawezi kurudi kuishi naye.

"Nenda, baba," alimwambia kwa upole. "Wanunuzi watakuwa wanakungoja."

Ambwene alivaa viatu bila kuvifunga, akaishika njia ya migombani. Esnath alibaki ameshika kamba mpaka mtoto wa mwisho alipofika ng'ambo, ndipo akalia. Alimlilia Godwin kama siku zote, na siku hiyo alimlilia na baba yake.